Lesotho: safari hupimwa kwa saa, si kwa kilomita

Mteja anaponiletea ramani ya Lesotho aliyokwisha kuichora mistari ya safari yake, jambo la kwanza ninalolitazama ni kama pembeni mwa mistari hiyo ameandika kilomita au saa. Akiwa ameandika kilomita, tunaanza kupanga upya. Nchi yenyewe si kubwa, kwani eneo lake ni kilomita za mraba 30,000 na ushei, na pande zote imezungukwa na Afrika Kusini. Lakini ndiyo nchi huru pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hata mahali pake pa chini kabisa, pale mto Makhaleng unapoingia katika mto Senqu, pako kwenye mita 1,400 hivi.

Kosa hilo la kuhesabu kilomita nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe. Katika safari ya kwanza niliyoiongoza huko nilipanga mwendo wa kilomita kumi na nane kati ya vijiji viwili, nikakadiria saa tano, kama ambavyo ningekadiria katika milima niliyoizoea. Sikuzingatia kwamba milima ya Maloti haipandwi mara moja ukafika kileleni ukamaliza. Ni uwanda wa juu wa miamba ya volkeno uliochimbwa na mito kwa kina, kwa hiyo anayetoka kijiji kimoja kwenda kingine hushuka hadi mtoni, huvuka, hupanda upande wa pili, kisha hulikuta bonde jingine likimngoja. Tulitumia saa tisa, na saa mbili za mwisho tulizipita chini ya ngurumo.

Hiyo ngurumo ndiyo inayoniogopesha zaidi kuliko magenge. Mvua nyingi ya Lesotho hunyesha kati ya Oktoba na Aprili, na mara nyingi huja alasiri kwa radi na mvua ya mawe, baada ya asubuhi iliyokuwa nyeupe kabisa. Kwa sababu uwanda wa juu hauna miti, mtu anayetembea juu ya mgongo wa mlima ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Kanuni yangu ni kuanza safari alfajiri na kuwa tumekwisha kuteremka kutoka kwenye migongo ya milima kabla ya saa saba mchana. Mawingu yakitukuta juu, tunashuka hata kama njia ya kushukia siyo tuliyoipanga, na watu wanaachiana nafasi badala ya kukusanyika. Wengi hukimbilia chini ya mwamba uliotokeza au kwenye mdomo wa pango dogo wakidhani wamepata hifadhi, kumbe umeme wa radi ukipita kwenye jabali huweza kuruka kutoka ukingo wa juu hadi chini kupitia mwili wa aliyejikunyata hapo.

Kuanzia Juni hadi Agosti radi hupungua na anga huwa safi, ila usiku maji ya kunywa huganda ndani ya hema. Theluji huanguka kila mwaka katika maeneo ya juu, na katika kilele cha nchi huweza kuanguka hata miezi isiyotarajiwa. Ndiyo maana kuna kituo cha kuteleza kwenye theluji, Afriski, karibu na kipito cha Mahlasela, jambo ambalo wageni wengi kutoka Afrika Mashariki hawaliamini mpaka walione. Mimi hupenda zaidi Aprili na Mei: nyasi zimeanza kuwa za dhahabu, mito imepungua kina, na baridi bado inavumilika.

Njia inayojulikana kuliko zote ya kuingilia milimani ni Sani, inayopanda kutoka KwaZulu-Natal hadi mita 2,874 kwa kona zilizokunjana kama utumbo. Upande wa Afrika Kusini hawaruhusu gari lolote kupanda isipokuwa lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na anayeiona njia yenyewe haulizi sababu. Ninachowasisitizia wateja si gari, ni mwili. Mtu aliyeamka Durban, kando ya bahari, akalala juu ya Sani usiku huohuo, ameupandisha mwili wake karibu mita 2,900 kwa siku moja. Nao ugonjwa wa mwinuko huanza kuwasumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi. Kichwa kikiuma na chakula kikikataliwa, kesho yake hatuendi Thabana Ntlenyana. Kilele hicho chenye mita 3,482, kirefu kuliko vyote katika eneo la kusini mwa Afrika, hakihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea, kwani ni mwendo wa siku nzima juu ya nyasi na mabwawa. Ugumu wake ni ukungu, unaoweza kuufanya uwanda wote ufanane kila upande.

Wanaotafuta kamba waende Semonkong, ambako mto Maletsunyane unaanguka mita 192 kwa mkupuo mmoja. Jina la mji lina maana ya mahali pa moshi, kwa sababu ya mvuke wa maji unaopaa kutoka korongoni. Hapo mtu huteremshwa kwa kamba mita 204 kando ya maporomoko, baada ya kufundishwa kwanza kwenye jabali dogo. Nimeshuka, na nakiri kwamba kilichonichosha si woga, bali uzito wa kamba yenyewe: sehemu ya juu, kamba yote inayoning'inia chini yako huivuta breki, kile kifaa kinachopunguza mwendo wako, ikakulazimu uisukume kamba kwa mikono ipite humo ili uteremke.

Lakini kama mtu ana siku nne tu, namshauri azitumie juu ya farasi. Farasi wa Basotho, mfupi na mpana wa kifua, ana asili katika farasi wa Rasi ya Tumaini Jema waliofika milimani karne ya 19, zama za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, na baridi na miamba vikamkomaza. Hapo ndipo kilomita hupoteza maana kabisa, kwa kuwa mwongozaji wa kijijini hukutajia saa na hakosei. Kwenye mteremko egemea nyuma, legeza hatamu, umwache farasi achague pa kukanyaga; wanaoumia ni wale wanaomwelekeza.

Njia hizi hazina uzio wala lango. Unapita katika malisho na mashamba ya watu, hivyo salamu ndiyo ruhusa yako: "Lumela, ntate" kwa mwanamume, "Lumela, 'm'e" kwa mwanamke, kisha unangoja ujibiwe kabla ya kuuliza njia. Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu. Mosotho, Basotho na Sesotho hufuata mpangilio uleule wa Mswahili, Waswahili na Kiswahili. Vijana walio jandoni hukaa katika vibanda vilivyotengwa milimani, na hao husogelewi wala hupigi picha. Ukiwaona, zunguka mbali.

Mawili ya mezani nayataja upesi. Kwa kuwa hakuna njia ya ardhini isiyopita Afrika Kusini, utaingia nchi hiyo mara mbili, wakati wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo hakikisha kibali chako kinaruhusu zaidi ya mara moja. Na sarafu ya loti ina thamani sawa na randi, ambayo hupokelewa kote Lesotho; ila ukivuka mpaka na maloti mfukoni, wauzaji wa upande wa pili wengi watayakataa, basi yamalizie kwa chai na mkate huko juu kabla hujaanza kuteremka.