Msiniletee Tena Matairi Vipara

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka swala ya adhuhuri nikakuta matairi manne yamepangwa barazani kwetu hapa Malindi, yamefungwa kamba pamoja kama mzigo wa kuni. Hayakuwa na mistari, na mawili yalikwisha kuonyesha waya. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameketi kando yake, jasho linamtoka.

"Mjomba, haya ya drifti. Nimeyapata kwa mtu wa panchari pale Barabara ya Lamu. Kasema nichukue tu."

Nilimshukuru, maana kijana alikuwa ameyabeba juani kwa ajili yangu. Lakini hiyo ni mara ya tano tangu nirudi nyumbani msimu ulipokwisha. Dereva wa tuktuk wa jirani ameniletea mawili. Fundi mmoja wa Maweni alinipigia simu kwamba ameniwekea "mzigo safi". Wote wana imani moja: drifti, huu mchezo wangu wa kuendesha gari likiteleza kiubavu, ni kuteleza tu, tairi linaloteleza vizuri ni kipara, basi dereva wa drifti anaishi kwa vipara. Nimekuwa nikitabasamu na kunyamaza. Leo naandika, na nitaandika kirefu.

Gari la drifti linatafuta kukamata lami. Matairi yangu ya nyuma yananata kuliko ya gari lolote mtakalopishana nalo kutoka hapa hadi Kilifi, na ndicho kitu cha kwanza ninachotumia pesa, kabla ya injini.

Nimalize ya haraka kwanza. Naulizwa kila siku, "Ulimaliza wa ngapi?" Drifti si mbio. Kuna majaji, kwa kawaida watatu, wanaopima njia uliyopita, pembe uliyoshika (gari limekaa kiubavu kiasi gani) na mtindo wako. Siku ya kufuzu unapita peke yako. Baada ya hapo mnapita wawili wawili: mmoja anaongoza, mwingine anamfukuza, kisha mnabadilishana. Anayeongoza apite pale majaji walipoagiza. Anayefukuza amwige pembe kwa pembe na amsogelee mlangoni. Majaji wakishindwa kuamua, mnarudia. Wajapani ndio walioanza na mashindano ya D1 Grand Prix, Wamarekani wakaja na yao ya Formula Drift, na mwaka 2017 FIA wenyewe, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, wakaandaa shindano lao la kwanza kule Tokyo. Tena msilinganishe na Safari Rally. Kule gari linateleza ili likate kona upesi. Huku ule mtelezo wenyewe ndio unaotolewa alama.

Sasa turudi kwenye matairi.

Tairi la nyuma lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisukuma gari mbele, na kulizuia lisiende upande. Ukilizungusha kwa nguvu kupita uwezo wake, zote mbili zinapungua. Zinapungua tu, haziishi. Kile kinachobaki ndicho ninachoendeshea, na ndicho kinachonipa mwendo nikiwa nimekaa kiubavu. Tairi likianza na mkamato mkubwa, linabakiwa na mwingi hata likizunguka. Kipara kilichokauka kinaanza na mdogo, kwa hiyo kikizunguka hakibaki na kitu. Gari linageuza makalio, linapiga kelele, na haliendi popote.

Watu wananiambia, "Lakini ule moshi?" Moshi ndio ushahidi wangu. Mpira unaungua kwa sababu umeng'ang'ania lami huku injini ikiung'oa. Sabuni ikiteleza sakafuni haitoi moshi.

Ndiyo sababu magari haya yana nguvu kubwa. Yale ya mbele kwenye Formula Drift hufika nguvu za farasi 1,000, na wengi hudhani nguvu hizo ni za kukimbilia. Ni za kulishinda tairi. Ukifunga tairi linalonata, unahitaji injini ya kulizungusha kona nzima bila kuishiwa pumzi. Ukiongeza injini, unatafuta tairi linalonata zaidi. Mzunguko huo haukuwa na mwisho mpaka waandaaji wakauwekea mipaka: kwenye Formula Drift upana wa tairi unapangwa kulingana na uzito wa gari. Hebu lifikirini hilo. Kama sote tungekuwa tunatafuta kuteleza, nani angehitaji kanuni ya kutuzuia tusifunge matairi mapana?

Na kuna lile la Mjapani Masato Kawabata mwaka 2016, kwenye njia ya ndege ya Fujairah, Falme za Kiarabu. Aliitelezesha Nissan GT-R kwa pembe ya digrii 30 kwa mwendo wa kilomita 304.96 kwa saa, na rekodi ya dunia ikaandikwa. Gari lile lilikuwa na farasi 1,380, zote zikipelekwa magurudumu ya nyuma. Hakuna kipara duniani kitakachosukuma gari mpaka mwendo huo, sikwambii kulishikilia likienda kiubavu.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Drifti niliianzia Muscat nikifanya kazi gereji, na msimu mmoja, kwenye kiwanja kimoja cha Ghuba, niliuziwa matairi ya nyuma yaliyoonekana mapya kabisa. Mistari yote ipo, hata vinyweleo vya kiwandani vipo. Duru ya kuongoza nilipita vizuri. Duru ya kufukuza, mwenzangu alipotoka kona ya kwanza aliniacha urefu wa gari moja. Nikaongeza mafuta. Tairi likazunguka zaidi, gari halikuongeza mwendo. Nikaongeza tena. Kufika kona ya tatu ameniacha magari matatu, na mimi nimekanyaga mpaka chini, moshi mwingi kuliko wake, watazamaji wananishangilia mimi. Majaji wakampa yeye, na walikuwa sahihi. Jioni nililala chini ya gari na tochi nikasoma ubavuni mwa tairi. Kuna tarakimu nne za mwisho zilizofungiwa kwenye duara refu: mbili za wiki, mbili za mwaka lililotengenezwa. Yale yalikuwa yamekaa stoo zaidi ya miaka mitatu. Mpira ulikwisha kukauka kabla sijaufunga.

Hapa ndipo ninapotaka kwenda taratibu, kwa sababu hata mafundi wazuri wananibishia. "Matairi ya mashindano ya magari hayana mistari," wananiambia, "kwa hiyo kipara ni sawa na lile la mashindano." Nusu ya kwanza ni kweli. Mistari kazi yake ni kutoa maji. Kwenye lami kavu, mistari inakupunguzia sehemu ya mpira inayogusa chini, na tairi laini lisilo na mistari linakamata zaidi. Lakini lile limetengenezwa hivyo, kwa mpira laini, kwa unene wake wote. Kipara chenu kilianza kikiwa tairi gumu la kusafiria kilomita nyingi, likapigwa na jua la pwani miaka sita, likachemka na kupoa kila siku, na sehemu iliyobaki juu ya waya ni unene wa ganda. Hivi viwili vinafanana kwa macho tu. Bonyeza kwa ukucha. Mpira hai unaacha alama ya ukucha halafu unarudi. Mpira uliokufa unakujibu kama ukuta.

Marehemu baba alikuwa nahodha wa mashua, na kabla sijagusa gari nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hili baharini. Chombo kinapopiga bisho, kikiukabili upepo, hakiendi kule omo, mbele yake, inakotazama. Kinatazama kwingine na kwenda kwingine, kwa pembe, na anayetazama kutoka ufukweni anaweza kudhani kinasukumwa tu na upepo. Lakini kinakwenda kwa sababu mkuku, ule uti wa chini ya chombo, na usukani vimeyakamata maji. Ungeung'oa mkuku, tanga lile lile na upepo ule ule ungekipeleka chombo kwenye mwamba. Baba alinifundisha kuusikia usukani kwa kiganja: maji yakiukamata unakuwa mzito kidogo, unasukuma mkono, yakiuachia unakuwa mwepesi ghafla, na hapo ndipo pa kuogopa. Kwenye gari naisikia hali hiyo kiunoni, kupitia kiti. Kiti kikiwa chepesi ghafla, najua tairi la nyuma limeacha kunisikiliza.

Neno moja kuhusu handbreki, kwa sababu vijana wa pale ufukweni hawanisalimu ila kwa kuvuta mkono hewani. Yangu si ile inayobaki juu ukiivuta. Ni chuma kirefu kilichosimama karibu na usukani, kina pampu yake ya mafuta ya breki, na ukikiachia kinarudi chenyewe. Naweza kuanza mtelezo bila kukigusa: kwa kuikanyaga klachi na kuiachia ghafla, kwa kulitupa gari upande wa pili kwanza ili uzito urudi, au kwa breki ya mguu. Kazi kubwa ya handbreki ni pale ninapomfukuza mtu na kumkaribia kupita kiasi: inanipunguzia mwendo huku pembe ikibaki. Hata hapo napendelea kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakiendelea kwa wa kulia, kwa sababu gurudumu likifungwa kabisa halina mwelekeo tena. Ukivuta handbreki kwenye lami yenye maji halafu usijue la kufanya na mafuta, umelifunga gurudumu na umebaki abiria.

Hilo linanileta kwenye Toyota Mark X. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ni jepesi kupatikana, na kila mvua ikinyesha nasikia kwamba kuna mtu amekwenda kulizungusha barabara ya Mambrui na vipara vinne. Sipendi kabisa. Kwenye maji, kipara hakina pa kuyapitishia. Kinapanda juu ya maji na kuelea. Cha mbele kikielea, usukani unauzungusha bure. Mimi nikiwa kiubavu, magurudumu ya mbele ndiyo yanayonirudisha: gari langu limepangwa ili usukani ujizungushe wenyewe kufuata gari linakokwenda, mimi naulegezea mikono kisha naudaka. Lakini unajizungusha kwa sababu matairi ya mbele yamekamata. Yakiwa yanaelea hakuna cha kudaka, na barabara ile ina watoto wanaotoka madrasa.

Msidhani kwamba kwetu kila kitu kinajulikana. Upepo wa matairi unanisumbua mpaka leo. Kanuni ya jumla ni kwamba ukipunguza upepo, mpira mwingi zaidi unalala chini na unakamata zaidi, mpaka ufike mahali ubavu unajikunja. Mahali hapo panahama. Nina daftari la misimu minne, na kuna siku mbili za kiwanja kimoja, joto moja, tairi la aina moja, ambazo upepo uliofaa unatofautiana paundi sita. Sijaona mhandisi aliyenipa sababu nikaridhika. Vitabu vya shule vinasema msuguano wa kitu kinachoteleza ni mdogo kuliko wa kilichotulia, basi. Tairi halisikii hivyo. Likiwa baridi linakataa, likipata joto linang'ata kweli, likizidi linaanza kujipaka lami kama siagi, na yote hayo ndani ya duru moja isiyofika dakika. Jozi ya nyuma inanimalizia duru tatu au nne, kisha inatupwa. Kuna usiku hotelini ambao ninayahesabu yaliyotupwa nikajiuliza kama ni haki, na jibu langu hubadilika.

Na alama za mtindo. Nimewahi kupewa ushindi wa duru ambayo moyoni nilijua nimeiharibu, na kunyimwa ile ambayo ningeionyesha watoto wangu. Majaji ninaowaheshimu wanatofautiana juu ya duru moja, na kila mmoja akieleza namwelewa. Nimeshaacha kusema kwamba kila kitu kinaweza kupimwa. Pembe inapimika, umbali kati ya magari unapimika. Ule uamuzi wa kulitupa gari mapema, kabla ukuta haujafika, pale mwenzako angengoja, sijui utaupimia nini.

Jumamosi ile nilimweleza mpwa wangu haya yote, kwa ufupi kidogo. Alisikiliza, akaligeuza tairi moja, akaufuta ubavu kwa kanzu yake akitafuta tarakimu. Kisha akasimama. "Mjomba, na la kwetu?"

Tulitoka hadi kwenye Mark X anayoiendesha na rafiki yake, lililokuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini. Alipiga magoti na simu yake ikiwaka tochi. Nyuma kulia, chini ya vumbi, tarakimu zilisomeka 0911. Wiki ya tisa, mwaka 2011. Akabonyeza kwa ukucha, akaangalia ukucha.

Ana pesa za matairi mawili tu mwezi huu. Fundi wake amemwambia afunge mapya mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani. Nilimwambia afunge nyuma, na yaliyo bora kati ya mazee yaende mbele, na aache barabara ya Mambrui mvua ikinyesha mpaka apate mengine mawili. Ameniuliza kwa nini nyuma. Tumekaa barazani mpaka magharibi nikimweleza kwamba tairi la nyuma ndilo linalolizuia gari lisiende upande, tumeketi juu ya vile vipara vinne alivyoniletea, maana viti vilikuwa ndani.