Vyeti vya umeme wa sola: maneno ya mtaani na hesabu yenyewe

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kisumu, Nakuru na Kakamega kuna ujumbe usioisha kuzunguka: ukiwa na sola nyumbani unaweza kuuza "kredi" na kulipwa kwa dola. Si uongo mtupu. Hizo "kredi" kwa kweli ni vyeti vya nishati jadidifu: vipo, vinanunuliwa, na Kenya imo katika mfumo wa kimataifa unaovitoa, uitwao I-REC. Cheti kimoja kinathibitisha kwamba megawati-saa moja, yaani uniti 1,000, imezalishwa kwa jua, upepo, maji au mvuke wa ardhini. Shida ni yale yanayobandikwa juu ya ukweli huo, na baadhi yake yanawatoa watu pesa mfukoni.

"Kuuza kredi ni kuuzia Kenya Power stima iliyobaki."

Hapana. Hayo ni mambo mawili, na mkataba wa moja hauhusu lingine. Umeme ni bidhaa. Cheti ni haki ya kusema kwamba umeme huo ulitoka kwenye jua. Unaweza kuutumia umeme wote nyumbani kwako, usitume hata uniti moja kwenye laini ya Kenya Power, na bado ukawa na cheti cha kuuza.

Kurudisha stima kwenye laini kuna sheria yake. Sheria ya Nishati ya 2019, kifungu cha 162, inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa aina hiyo na msambazaji, na kanuni zake zilitoka 2024. Unachopata huko ni salio la uniti kwenye bili, si pesa taslimu, na uniti unayotuma haikurudii nzima.

Asiye na mkataba asijaribu kusukuma stima nje kimyakimya. Mita nyingi za tokeni hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka: zinahesabu tu kwamba kuna mkondo umepita, kisha zinakukata tokeni kwa umeme uliotoa wewe. Nyingine hujifunga zikidhani zimechezewa. Na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, isipojizima laini inapokufa inaweza kumpiga shoti fundi aliye juu ya nguzo akiamini waya haina moto.

"Marekani mwenye nyumba analipwa mamia ya dola, basi na sisi tutalipwa hivyohivyo."

Video za YouTube zinazoonyesha hayo nyingi zinasema kweli, ila zinazungumzia soko lingine. Majimbo kama New Jersey, Maryland na Massachusetts yana sheria inayoyalazimisha makampuni ya umeme kuonyesha kiasi fulani cha umeme wa jua kila mwaka. Kampuni isiyofikisha inalipa faini, kwa hiyo bei ya cheti hupanda kuikaribia faini hiyo.

Kenya haina sharti kama hilo. Mnunuzi wa cheti cha hapa ni kampuni iliyojiamulia yenyewe, kwa mfano ofisi ya shirika la kimataifa inayotaka ripoti yake iseme kwamba umeme wake ni safi. Mnunuzi wa hiari hulipa bei ya hiari. Tena ana pa kuchagua: nchi yetu imejaa mitambo mikubwa ya nishati jadidifu, kuanzia mvuke wa Olkaria ulio ndani ya kaunti ya Nakuru yenyewe, maji ya Sondu Miriu yenye megawati 60 upande wa Nyakach, hadi mashamba ya sola ya Radiant na Eldosol kule Uasin Gishu, megawati 40 kila moja. Shamba kama hilo linazalisha makumi ya maelfu ya megawati-saa kwa mwaka. Nyumba yako inazalisha chache za kuhesabu kwa vidole.

"Nina kilowati 5, kwa hiyo nina vyeti saba kwa mwaka."

Hesabu hii hufanywa hivi: kilowati 5 za paneli, bila kivuli, katika jua la Kisumu, ni kama uniti 20 kwa siku ukichukua wastani wa mwaka. Mara 365 ni 7,300. Vyeti saba, na uniti 300 zinasubiri zifike elfu.

Hesabu ni sahihi kwa paneli zinazotumika mchana kutwa. Nyumba nyingi haziko hivyo. Watu wako kazini, watoto shuleni, betri imejaa saa tano asubuhi, na friji peke yake ndiyo inayovuta. Hapo inveta huzipunguza paneli nguvu, kwa sababu umeme hauna pa kwenda. Umeme ambao haukuzalishwa hauna cheti, hata jua liwe kali namna gani.

Tuchukue nyumba inayotumia uniti 8 kwa siku. Paneli zitazalisha kama 9, moja ikipotelea kwenye betri na inveta. Kwa mwaka ni 3,285, lakini mita itahesabu zile zilizofika nyumbani tu, 2,920, yaani vyeti viwili. Tuseme cheti kinauzwa kwa dola 2: umepata dola 4, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 ni Sh520. Katika mwaka huohuo, uniti 2,920 ulizoacha kununua, hata ukizihesabu kwa Sh20 tu kila moja, ni Sh58,400. Anayekushawishi ununue paneli mbili zaidi "kwa ajili ya kredi" hajakufanyia hesabu hii. Ukitaka mtambo ulipe, hamishia kazi nzito mchana: pampu ya maji, pasi, mashine ya kufua, na birika la chai ya saa nne.

"Inveta yangu inaonyesha kila kitu kwenye simu, hiyo inatosha kama ushahidi."

Hapa ndipo maombi mengi ya vyeti yanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo. Mkulima wa miwa wa Muhoroni anajua kwamba bila tiketi ya mizani hakuna malipo, hata kama trela lilijaa. Kwenye vyeti mizani ni mita, na inveta nyingi za nyumbani si mizani ya kuaminika.

Kosa la kwanza ni mahali pa kupimia. Inveta za haibridi, zile zinazouzwa zaidi Kondele na Nakuru mjini, hupitisha stima ya Kenya Power ndani yake kwenda kwenye mzigo. Ukifunga mita upande wa kutoka, inahesabu vyote kwa pamoja, umeme wa jua na wa laini. Fungua mipangilio uangalie. Kwenye aina nyingi, kipengele cha 01 ndicho kinachoamua nyumba ianze kulishwa na nini: SBU maana yake ni jua kwanza, kisha betri, laini mwisho. Kipengele cha 16 ndicho kinachoamua betri ijazwe na nini: OSO ni jua peke yake, SNU ni jua pamoja na laini. Mafundi wengi huiacha kwenye SNU ili mteja asilalamike siku ya mawingu. Matokeo yake, betri inajazwa kwa tokeni usiku, asubuhi inatoa umeme huo, na mwenye nyumba anauhesabu kama wa sola. Mkaguzi akilinganisha siku ya mvua na siku ya jua akakuta zinakaribiana, ombi lako limekwisha hapo.

Dawa yake ni mita mbili. Moja pale stima ya laini inapoingia kwenye inveta, nyingine pale umeme unapotoka kwenda nyumbani. Ukitoa ya kwanza kutoka kwa ya pili unabaki na umeme wa jua uliotumika kweli, hasara za betri zikiwa zimeshaondolewa. Mita zenyewe ni zile ndogo za kufungwa kwenye reli ya DIN ndani ya boksi la breka, daraja la usahihi 1, zenye hesabu isiyofutika umeme ukikatika. Mwenye inveta ya kawaida inayofanya kazi sambamba na laini, isiyo na betri, ana bahati: mita moja kwenye waya wa kutoka inatosha, kwa kuwa hakuna kingine kinachopita hapo. Jaribu lake ni jepesi. Iangalie saa tatu usiku. Ikiwa inapanda, imefungwa mahali pasipo sahihi.

Kosa la pili ni klampu za CT, zile zinazobana waya kupima mkondo wake. Kila klampu ina mshale, na kwenye nyumba ya fezi tatu, yaani yenye nyaya tatu za moto, kila klampu lazima ikae kwenye fezi yake. Ikigeuzwa, uniti zinasoma hasi; ikikaa kwenye fezi nyingine, zinasoma upuuzi unaofanana na ukweli, na huo ndio mbaya zaidi. Washa birika la wati 2,000 kwenye fezi moja uone kama ni fezi hiyohiyo iliyopanda kwa kiasi hicho.

La tatu ni pengo. Kile kifaa cha Wi-Fi kilichochomekwa chini ya inveta hutuma takwimu kupitia ruta. Stima ikikatika na ruta ikazimika, siku nzima inaweza kuonekana sifuri kwenye simu. Mita haisahau. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, tarehe ileile, piga picha ya mita, tarakimu zote na namba ya mita zikionekana. Na radi ikiua inveta, kama ilivyo kawaida upande wa Kakamega na Kisii, piga picha hiyo kabla fundi hajagusa waya. Inveta mpya inaanza kuhesabu kutoka sifuri, na bila kumbukumbu ya ile ya zamani utashindwa kueleza hesabu iliruka vipi.

"Cheti cha sola na kredi ya kaboni ni kitu kimoja."

Cheti kinapima umeme, kaboni inapimwa kwa tani za hewa chafu zilizozuiwa. Na hapa Kenya tofauti hiyo inauma kweli. Karibu asilimia 90 ya umeme wa laini yetu tayari unatoka kwenye mvuke, maji, upepo na jua. Ukiacha kununua uniti moja mjini Nakuru, kwa sehemu kubwa umeacha kununua mvuke wa Olkaria, kwa hiyo hewa chafu uliyozuia ni kidogo mno. Mtambo uleule ukichukua nafasi ya jenereta ya dizeli kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, hadithi ni nyingine. Biashara ya kaboni pia ina kanuni zake za 2024 chini ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, zenye masharti mazito yasiyobebeka na nyumba moja. Na kudai vyote viwili kwa uniti ileile ni kuuza kitu kimoja mara mbili.

"Nikishauza, bado naweza kujitangaza kuwa natumia umeme wa jua."

Shule nyingi za binafsi na hoteli za kando ya ziwa hazilijui hili. Ukiuza cheti umeuza ile haki ya kusema. Mnunuzi akikitumia, kinafungwa kwenye rejista na hakirudi sokoni. Wewe unabaki na paneli juu ya paa na bili nafuu, lakini bango la "tunaendeshwa na jua" linapaswa kushuka. Kwa hoteli yenye wageni wanaojali mambo hayo, bango linaweza kuwa na thamani kuliko vyeti vyenyewe.

"Lazima paneli zielekee kaskazini."

Wengine husema kusini. Ushauri huo ni wa nchi zilizo mbali na ikweta. Hapa ikweta inapita Maseno. Paa la mashariki na la magharibi hutoa karibu sawa, ingawa Kisumu, ambako mawingu hujikusanya mchana, mashariki hupata kidogo zaidi. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha mvua kusafisha vumbi. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na mabati, maana joto la paneli likizidi nyuzi 25 kila nyuzi moja inakula karibu asilimia 0.35 ya nguvu.

"Ajenti atanisajili, nitume tu ada."

Usajili wa kweli unaanza na karatasi, si M-Pesa. Unahitajika kuonyesha mtambo uko wapi hasa kwenye ramani, ukubwa wake, tarehe ulipowashwa, mchoro wa nyaya unaoonyesha mita, uthibitisho kwamba ni wako, na tamko kwamba haujasajiliwa kwingine. Risiti zenye namba za paneli na inveta, na nakala ya leseni ya fundi kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, viweke faili moja tangu siku ya kufunga. Ada za mfumo wa I-REC hulipwa kwa euro na zimepangwa kwa ajili ya wazalishaji wakubwa. Kilowati 5 hazitazirudisha.

Njia inayoingia akilini ni ya kundi: mkusanyaji anayeunganisha mitambo midogo mingi na kuisajili kwa pamoja, utaratibu unaojulikana kama D-REC. Chama cha akiba, mtandao wa shule au kiwanda cha majani chai chenye paneli za kilowati mia kadhaa kina la kuzungumza naye. Mkusanyaji wa kweli hukata sehemu yake kwenye mauzo; hadai Sh15,000 mapema. Muulize mitambo aliyokwisha kusajili, kisha itafute mwenyewe kwenye Evident, rejista ya vyeti vya I-REC, ambayo orodha yake iko wazi.

Kabla ya kutia sahihi, soma mambo mawili. Kwanza, nani ana haki ya vyeti: sola iliyonunuliwa kwa mkopo wa malipo kidogokidogo, au iliyotolewa na mfadhili, mara nyingi ina kipengele kinachompa aliyeileta haki hiyo, na wewe huna cha kuuza. Pili, mkataba unakufunga miaka mingapi na nyumba ikiuzwa itakuwaje. Kama hakuna mstari unaosema mkataba unahamia kwa mwenye nyumba mpya au unakoma, andikeni huo mstari kabla ya kalamu kugusa karatasi.