Ukiandika "than", Angalia Neno Lililotangulia

Kazi yangu hapa Arusha ni kusahihisha Kiingereza cha waongoza watalii na wafanyakazi wa ofisi za safari, na sentensi za kulinganisha ndizo zinazokula wino mwekundu kuliko zote. Kila mtu anajua kwamba "than" ni "kuliko". Shida inaanzia hapo hapo.

Kwetu "kuliko" hubeba ulinganisho wote peke yake. Tunasema "Kilimanjaro ni mrefu kuliko Meru", na "mrefu" haibadiliki hata kidogo. Kiingereza kinadai alama mbili: moja kwenye kivumishi, ya pili ni "than". Ndiyo maana "Kilimanjaro is high than Meru" ni kosa. Sahihi ni "higher than".

Basi ukishaandika "than", rudisha macho nyuma utafute "-er", "more" au "less". Kivumishi kifupi cha silabi moja huchukua "-er": "cheaper", "colder". Cha silabi mbili kinachoishia na "y" hufanya hivyo hivyo, "y" ikigeuka "i": "dusty" inakuwa "dustier". Virefu huchukua "more": "more expensive". Chagua alama moja tu. "More cheaper" ni kosa la mtu aliyeshaona pengo akaliziba mara mbili. "Better" na "worse" zina njia yake, zikariri.

Kwenye kipimo ndipo hata wazoefu huteleza. Kilimanjaro una mita 5,895, Meru mita 4,562. Sisi tofauti tunaiweka mwisho, "kwa mita 1,333", Kiingereza huitanguliza: "Kilimanjaro is 1,333 metres higher than Meru." Na "sana" hapa si "very". "Very higher" haipo kabisa. Andika "much higher" au "far higher". "Kidogo" ni "slightly" au "a little".

Kosa ninaloliona la hatari zaidi, kwa sababu halionekani, ni hili: "Prices in April are lower than July." Bei zimelinganishwa na mwezi. Kwa Kiswahili tusingekosea, tungesema "bei za Aprili ni za chini kuliko za Julai", na hiyo "za" ya pili ndiyo inayodondoka njiani. Irudishe: "lower than those in July". Kitu kikiwa kimoja, tumia "that": "The climate of Arusha is cooler than that of Moshi."

Vivyo hivyo, usiandike "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa". Nao umo Afrika, kwa hiyo umesema mlima huo umejizidi wenyewe. Ongeza "other": "any other mountain in Africa".

"Prefer" haitaki "than" ikiwa kati ya majina mawili, inataka "to": "Some climbers prefer Machame to Marangu", yaani njia mbili za kupanda Kilimanjaro.

Mwisho, "then". Ni "kisha", na programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi huipitisha kimya kwa kuwa nayo ni neno halali. Kwenye ratiba ya njia ya Marangu zote mbili zina nafasi: "Horombo is higher than Mandara. We sleep at Mandara, then at Horombo." Kabla ya kumtumia mgeni barua pepe, tafuta kila "then" uiweke "kisha" mahali pake. Isipokaa, na "kuliko" ikakaa, ilipaswa kuwa "than".