Umewahi kuwa dada mkuu? Sawa, ila ulifanya nini?

Kila msimu wa skolashipu ukifika wanafunzi wananiletea insha zao niwaangalizie kabla hawajatuma, na nyingi zinafanana: mimi ni kiongozi wa kuzaliwa, nilikuwa dada mkuu, nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira, halafu basi, imeishia hapo. Inaniuma kwa sababu ukikaa naye ukamuuliza maswali mawili matatu unakuta kafanya mambo mazito kabisa, ila hakuyaona kama ni ya kuandika.

Siyo kila skolashipu inataka habari hizi. Samia Scholarship hapa Tanzania inaangalia ufaulu wako wa kidato cha sita kwenye sayansi. Lakini programu ya Mastercard Foundation iliyoanza 2012 inatafuta kijana mwenye akili darasani, kwao hawana uwezo, na ameshaanza kusaidia jamii yake. Chevening ya serikali ya Uingereza, ya kusomea shahada ya uzamili, ipo tangu 1983, nayo inataka uandike insha nzima inayohusu uongozi na uonyeshe saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kazi za kujitolea zinahesabiwa. Sasa piga hesabu, ukijitolea saa nne kila Jumamosi mwaka mzima unapata kama 200 hivi, kwa hiyo anza mapema na uwe na daftari la kuandika tarehe, saa na nani alikusimamia, maana baada ya miaka mitatu hutakumbuka kitu.

Kuna binti mmoja aliandika mstari mmoja tu, "nilisaidia wenzangu hesabu". Nikamwambia hebu nieleze. Kumbe alikuwa anawafundisha kidato cha pili kila jioni chini ya mwembe kabla ya mtihani wao wa taifa, wiki ya kwanza walikuja wanne, wakapungua wakabaki wawili, akagundua wengine wanawahi kuchota maji nyumbani, akahamishia kipindi saa ya mapumziko ya mchana na wakafika 19, na alipomaliza shule akawaachia wenzake wawili wa kidato cha tatu waendeleze. Hiyo ndiyo insha! Tatizo lipo, alikwama pia, akabadilisha mbinu, na kazi ikaendelea yeye akiwa hayupo. Tukafuta sentensi zote za "mimi ni kiongozi bora" tukaandika hayo.

Na wewe uliyelea wadogo zako au uliyekuwa unauza genge na mama ukashindwa kujiunga na klabu yoyote, usiache nafasi tupu kwenye fomu, andika ulibeba nini nyumbani na uliamua nini pesa ilipopungua. Huo ni wajibu wa mtu mzima.

Usidanganye tafadhali. Kwenye intavyuu watakuuliza mradi ulianzaje, nani alikupinga, pesa zilitoka wapi, na wa kununua insha hapo anapata kigugumizi.

Mwalimu atakayekuandikia barua ya kukupendekeza mfuate wiki mbili tatu kabla, siyo usiku wa dedilaini, umpelekee karatasi moja yenye ulichofanya, mwaka gani na watu wangapi. Anafundisha mamia ya watoto huyo, bila hiyo karatasi atakuandikia "ana nidhamu na anajituma", na wenzako wote wameandikiwa hivyo hivyo.