Safari ya skii ya siku kadhaa katika majira ya kuchipua: maana yake

Ni safari ya marafiki wachache wanaovuka nyika ya theluji kwa skii (vipande virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni ili kutelezea thelujini), mizigo mgongoni au kwenye sleji, wakilala njiani usiku mmoja au hata wiki nzima. Huko hakuna lifti ya kuwapandisha mlimani, wala njia iliyolainishwa na mashine. Mlima utakaouteremka ni lazima kwanza uupande kwa miguu yako.

Skii zinazotumika ni za Kinordiki: kiatu kimefungwa kwenye vidole tu, kisigino kiko huru kuinuka, hivyo mtu anaweza kutembea nazo mwendo mrefu. Ndizo mvumbuzi Mnorwe Fridtjof Nansen na wenzake watano walizochukua walipoivuka Greenland mwaka 1888. Za nyikani huwa na kingo za chuma ili zishike penye barafu.

Msimu huu hupendwa kwa kuwa mchana ni mrefu na theluji bado ni nyingi. Lakini theluji yenyewe ina ratiba yake, na hapo ndipo wageni wengi hukwama. Usiku usio na mawingu joto hupotelea angani, maji yaliyo kati ya chembe za theluji huganda, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi kuna gamba gumu linalombeba mtu na mzigo wake. Jua likipanda, juu hulainika kidogo, na hiyo ndiyo saa tamu ya kuteremka. Alasiri gamba limeoza, mtu anazama hadi magotini, na miteremko iliyopigwa na jua inaweza kuporomoka. Basi wanaojua huondoka alfajiri na kupiga kambi mapema. Usiku ukiwa na mawingu, usilitegemee gamba hilo. Huenda halikuganda kabisa hata kama ulihisi baridi.

Theluji iliyoyeyuka na kuganda tena hukataa nta ya kawaida inayopakwa chini ya skii ili zishike, hivyo hupakwa klista, nta laini inayonata kama gundi (na inayonata pia kwenye glavu, suruali na mfuko wa kulalia). Kwenye mwinuko mkali hubandikwa chini ya skii utepe wenye manyoya uitwao ngozi: manyoya yake yamelala kuelekea nyuma, yanateleza ukienda mbele na kushika ukitaka kurudi.

Nchini Norwe, hasa wakati wa Pasaka, wengi hulala kwenye vibanda vya chama cha watalii kilichoanzishwa mwaka 1868. Katika baadhi yake hakuna mhudumu: unajichukulia chakula stoo, unaandika ulichotumia na kulipa. Njia za uwanda wa Hardangervidda huonyeshwa kwa fito zilizochomekwa kwenye theluji, msaada mkubwa ukungu ukishuka.

Kuhusu marafiki, mwendo ni wa anayekwenda polepole kuliko wote. Kila mmoja hubeba kifaa cha kutoa mawimbi ya redio ili apatikane akifukiwa, koleo na fimbo ndefu ya kupapasia, kwa sababu aliyefukiwa na maporomoko hupoteza nafasi ya kupona kwa kasi baada ya dakika 15 hivi, na waokoaji wako mbali. Watakaomfukua ni hao hao aliokunywa nao chai asubuhi, ndiyo maana vifaa hukaguliwa kimoja kimoja kabla ya mtu yeyote kupiga hatua.