Nani Yumo Ndani ya Albamu ya Mtu Mmoja? Kuhusu The Eraser

Kila ninapomfundisha kijana kazi ya studio, humtaka kwanza asikilize mwanzo wa The Eraser, albamu ambayo Thom Yorke, mwimbaji wa kundi la Radiohead la Uingereza, aliitoa Julai 2006 kwa jina lake mwenyewe. Piano inayosikika pale haikupigwa mfululizo. Ni mipigo michache iliyokatwa na kupangwa upya, na makovu ya kukatwa yakaachwa wazi makusudi. Aliyeipiga ni Jonny Greenwood, mwenzake wa Radiohead. Yorke aliinasa kwa kinasa sauti kidogo, kisha akaichanachana kwenye kompyuta. Basi sauti ya kwanza katika albamu ya "mtu mmoja" inatoka kwenye vidole vya mwingine, na hata "And It Rained All Night" imebeba kipande kilichosagwa cha wimbo wa zamani wa kundi hilohilo. Yorke mwenyewe hakupenda kazi hii iitwe ya peke yake, nami naona alikuwa na haki.

Hata hivyo, kufanya kazi na vipande vya sauti za wenzako si sawa na kufanya kazi na wenzako. Wimbo unapopigwa na kundi hubadilika bila mtu kuamua: mpiga ngoma huongeza nguvu kiitikio kinapokaribia, mpiga besi huchelewa kidogo, na kuna atakayechoka na kusema yatosha. Kipande kinachojirudia kwenye kompyuta hakichoki wala hakikatai, na ndiyo maana kompyuta za watayarishaji wengi, yangu ikiwamo, zimejaa midundo mizuri ambayo haikuwahi kuwa nyimbo.

Hapo ndipo ninapouona mkono wa Nigel Godrich, aliyetayarisha albamu hii kama alivyotayarisha nyingi za Radiohead tangu miaka ya 1990. Sikilizeni sauti ya Yorke: ni kavu, iko mbele, karibu haina mwangwi. Mwangwi humrudisha mwimbaji nyuma, kama mtu anayesema kutoka chumba cha pili. Ukiuondoa, pumzi na mikwaruzo ya koo husikika sikioni, na kosa dogo halina pa kujificha. Kwa kuwa mdundo wa chini haubadiliki, kupanda na kushuka kote kunabebwa na koo. Katika "The Clock", mdundo unakimbia kwa mwendo uleule mpaka mwisho, ilhali mwimbaji anayaacha maneno na kubaki akivumisha sauti tu, na ghafla wimbo una mahali pa kufikia. "Skip Divided" haukubahatika hivyo: sauti inanong'ona juu ya mdundo usiosogea, na kwangu umebaki kipande tu.

Wimbo ninaoupenda kuliko zote tisa za albamu hii ni "Harrowdown Hill". Jina hilo ni la kilima cha Oxfordshire ulikokutwa mwili wa David Kelly, mtaalamu wa silaha wa serikali ya Uingereza, Julai 2003, baada ya kutajwa hadharani kuwa chanzo cha habari ya BBC iliyotilia shaka madai ya serikali kuhusu silaha za Iraq. Besi inakwenda kwa haraka, karibu ya kuchezeka, na sauti ile kavu inaimba juu yake kama shahidi aliyeketishwa mbele ya maikrofoni. Ingezungushiwa mwangwi mzito, ingegeuka maombolezo ya kawaida, na hasira ingepotea.

Mwaka 2009 Yorke alikusanya kundi la kuzipiga nyimbo hizi jukwaani: Godrich mwenyewe, Flea wa kundi la Red Hot Chili Peppers la Marekani kwenye besi, Joey Waronker kwenye ngoma, na Mbrazili Mauro Refosco kwenye ala nyingine za kugonga. Baadaye walijiita Atoms for Peace, jina la wimbo wa sita wa albamu. Kile ambacho kompyuta ilikuwa ikikirudia bila jasho, sasa kiligawanywa kwa wapigaji wawili wa midundo, nao wakaanza kukiongeza kasi na nguvu pale kiitikio kilipokaribia.