Mambo tunayoambiana kuhusu kabila, na ukweli wenyewe

Likija suala la kabila watu tunaongea kwa uhakika kweli kweli. Huyu anakwambia damu haidanganyi, yule anasema watoto wa Dar siku hizi hawana kabila, mwingine anasema makabila yapo tangu dunia iumbwe na hayabadiliki. Mimi naona mengi ya hayo siyo kweli, alafu yanaumiza watu, hasa watoto waliozaliwa na wazazi wa makabila mawili ambao kila msiba na kila harusi lazima atokee mtu wa kuwaambia nyie siyo wenzetu kamili.

Dhana: kabila ni damu, mtoto anafuata la baba, mjadala umeisha.

Inategemea uko wapi. Kwa Wachaga au Wakurya sawa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Ila panda milimani Morogoro kwa Waluguru, kule kwa mila mtoto ni wa ukoo wa mama, na kusini Wamakonde, Wayao na Wamwera asili yao ni kwa mama vilevile. Sasa chukua baba Mluguru, mama Mchaga. Kwa mila ya kwa baba, mtoto ni wa mama yake, na kwa mila ya kwa mama, mtoto ni wa baba yake, yaani huyo mtoto ukifuata mila tupu hakuna anayemdai! Geuza sasa, baba Mchaga mama Mluguru, hapo pande zote mbili zinamtaka. Damu ni ileile, nusu kwa nusu, kilichobadilika ni utaratibu tu ambao watu walifundishwa na wazee wao na wao wakawafundisha watoto. Ndo maana nasema kabila mtu analelewa nalo, hazaliwi nalo mwilini kama rangi ya macho.

Dhana: mtoto wa mjini asiyejua kilugha hana kabila.

Hii inarushwa sana na mimi inaniuma kwasababu inawakatisha tamaa wazazi, mtu anaona kwakuwa mtoto haongei basi kila kitu kimeshapotea. Angalia Disemba mabasi ya Moshi na Rombo yanavyojaa. Mtoto kazaliwa Mbagala, Dar, Kichaga chake kinaishia kwenye salamu, lakini akifika juu kule anaulizwa wewe ni wa nani, anapelekwa kuonyeshwa kaburi la babu humo humo kihambani, yaani shamba la ukoo, katikati ya migomba, anaambiwa wewe ndo mtoto wa kwanza wa kiume kwahiyo umebeba jina la babu huyu, na mdogo wako amebeba la babu mzaa mama. Anakatazwa kung'oa masale, yale majani yanayopandwa pale mpakani, anaelezwa kwamba jani hilohilo mtu aliyekukosea akija nalo mkononi anaomba msamaha na siyo vizuri kumkatalia. Mbuzi akichinjwa anaona nyama haigawiwi hovyo, kuna ya babu, kuna ya wajomba, kuna ya kina mama, na mbege, pombe ya ndizi, inaanza kwa wakubwa. Hakuna aliyemkalisha darasani, kaona tu, kakatazwa, katumwa, na akirudi Mbagala anajua yeye ni nani kwenye ule ukoo. Kilugha ni kitu kikubwa sana na ningependa watoto wote wakijue, ila siyo mlango pekee.

Na mji nao unalea. Kichen pati za Dar mnazijua, binti wa Kihaya au wa Kinyakyusa anaolewa, anaitwa kungwi wa Pwani, pengine Mzaramo, ngoma inapigwa, bibi harusi kafunikwa kanga anafundwa mambo ya ndani ambayo chimbuko lake ni unyago wa Pwani, vitu ambavyo bibi yake mzaa baba kule Bukoba hakuwahi kufundishwa hivyo. Hajawa Mzaramo. Lakini kesho na keshokutwa atamfunda binti yake kwa maneno yaleyale, na yatakuwa mila ya nyumba yake.

Dhana: makabila yalikuwepo hivihivi tangu enzi za mababu.

Karne ya 19 pale Kilimanjaro mtu alikuwa wa Machame, wa Kibosho, wa Marangu, kila mmoja na mangi wake, yaani chifu, na walipigana vita haswa, Mangi Sina wa Kibosho habari zake wazee bado wanazisimulia. Uchaga wa pamoja ulikolea kwenye kahawa, chama cha ushirika cha KNCU, shule na kanisa, mpaka mwaka 1952 wakawa na Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle. Hata leo Mrombo na Mmachame wakikutana inabidi waongee Kiswahili maana lugha zao haziingiliani kirahisi. Kenya nako jina la Kalenjin kuwaunganisha Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wenzao limeshika miaka ya 1940.

Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya, wao walienda njia nyingine, walioleana na Wajaluo, wakafanya nao biashara, shule na kanisa vikaja kwa Kijaluo, watoto wakakua na Kijaluo. Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa 1969, nchi nzima inamjua kama Mjaluo, na kwao ni Rusinga, ukoo wa Kisuba. Ukimwita muongo kwa kuwa vyote viwili utakuwa umemuonea.

Dhana: Watanzania kwa asili hatuna ukabila.

Asili gani? Ni kazi iliyofanywa. Uchifu ulifutwa 1963, mwaka huohuo JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ikaanzishwa, Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi, sensa baada ya ile ya 1967 zikaacha kuuliza kabila, mtoto wa Kagera akapangiwa shule ya bweni Songea akalala kitanda cha juu ya Mngoni. Na tulikuwa na kitu chetu cha zamani, utani. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya kati ya 1878 na 1882, leo ni watani, kwenye msiba mtani anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na mtoto aliyesimama pembeni anashika kwamba huyu ni mtu wa kutaniana naye, siyo adui. Tukiacha kuwapeleka watoto misibani hilo nalo watalijulia wapi?

Dhana ya mwisho, kwamba mgeni hawezi kuwa kabila la mahali.

Wamakonde waliingia Kenya kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale. Walizaa, wakapata wajukuu, watoto wakakulia hapohapo Pwani, lakini vitambulisho hawana, kazi ya maana hupati, akaunti benki hufungui. Oktoba 2016 wakatoka Kwale wakaenda Nairobi kumuona rais, na Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kenya wakafuata 2023.